Mzazi akianza kusahau: maswali ya daktari yanapima nini?

Mabasi yanayoondoka Nairobi kuelekea Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi hujaa pomoni ifikapo wiki ya Krismasi. Watoto waliohamia mjini hurudi nyumbani na sukari, mikate na blanketi, na baadhi yao hukuta huko jambo ambalo simu za kila Jumapili hazikuwaonyesha.

Kwa simu mama alikuwa mzima. Aliulizwa hali, akajibu njema. Aliulizwa mvua, akasema imenyesha kidogo. Akauliza wajukuu, akawaombea baraka, simu ikakatwa. Mazungumzo ya namna hiyo mtu ameyafanya kwa miaka mingi na anaweza kuyaendesha vizuri hata wakati kumbukumbu zake zimekwisha kuanza kuvuja. Lakini ukikaa naye siku tatu mfululizo unaona mengine. Ameuliza swali moja mara nne kabla chai haijaiva. Muthokoi umetiwa chumvi mara mbili. Pesa za ndengu alizouza sokoni hazionekani, naye anamshuku mjukuu aliyemlea mwenyewe kuwa ndiye mwizi.

Majirani hawakosi maelezo. Wengi husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kuwa amerogwa, au kwamba ni laana ya jambo alilotenda zamani. Watafiti waliozungumza na wazee, walezi na wahudumu wa afya katika Kaunti ya Makueni walichapisha matokeo yao mwaka 2021, na maelezo ya aina hiyo ndiyo waliyoyakuta: hali hii haieleweki vizuri, huchukuliwa kuwa sehemu ya kuzeeka au kuhusishwa na uchawi, na mgonjwa pamoja na wanaomtunza hutengwa.

Si uzee tu

Jina la kitaalamu la hali hii ni dimenshia. Si ugonjwa mmoja. Ni jina la jumla la hali ambamo ubongo unaharibika polepole hadi mtu anashindwa kufanya mambo aliyokuwa akiyamudu mwenyewe. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) huchangia visa 60 hadi 70 kati ya 100. Mwingine unatokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, na huu hupatikana sana kwa watu wenye shinikizo la damu lisilotibiwa au waliowahi kupooza upande mmoja. WHO ilikadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na dimenshia, zaidi ya nusu yao katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati kama yetu.

Kila mtu husahau. Mzee anayesahau jina la mjukuu wake wa kumi na mbili, kisha akalikumbuka jioni, hana la kuogopesha. Anayetafuta jembe asubuhi nzima naye hana neno. Mashaka huanza jembe linapopatikana ndani ya pipa la unga naye hawezi kueleza lilifikaje huko, au anapopotea njia ya kutoka kisimani ambayo ameipita tangu alipoolewa, au anapouliza alipo mume wake ambaye alisimama kando ya kaburi lake. Linaloangaliwa ni badiliko: je, mtu huyu amepungukiwa kuliko alivyokuwa yeye mwenyewe miaka miwili au mitatu iliyopita?

Kuna jambo linalowapotosha wengi. Stadi za zamani hubaki kwa muda mrefu. Mwanamke aliyesuka vyondo tangu utotoni huweza kuendelea kusuka kwa ufundi uleule huku hajui leo ni Jumatatu au Ijumaa. Familia ikitazama mikono yake hujiambia kuwa hakuna tatizo.

Kupimwa akili

Hapa ndipo vipimo vya kumbukumbu na ufahamu vinapoingia. Havina sindano wala mashine. Ni maswali na kazi ndogondogo ambazo daktari, afisa wa kliniki au muuguzi aliyefunzwa humpa mtu kwa dakika tano hadi thelathini, na majibu hupewa alama.

Tatizo la kwanza ni jina. Katika Kiswahili chetu cha Kenya, kumwambia mtu akapimwe akili ni kumtusi. Tunayasikia maneno hayo mahakamani, mshukiwa wa mauaji anapopelekwa Hospitali ya Mathari kabla ya kujibu mashtaka. Mwambie baba yako, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji, kwamba umempangia siku ya kupimwa akili, na hutamwona tena katika gari lako. Madaktari wenye busara husema wanataka kuangalia kumbukumbu, kama wanavyoangalia macho na shinikizo la damu, na huyafanya yote matatu siku hiyohiyo. Huo si ulaghai, kwa sababu yote matatu yanahitajika.

Kipimo kilichoenea zaidi duniani kilitungwa Marekani mwaka 1975 na Marshal Folstein na wenzake, na hujulikana kwa herufi MMSE. Kina alama 30. Mtu huulizwa tarehe, mwezi na mahali alipo, hupewa maneno matatu ayarudie kisha ayakumbuke baadaye, hutoa saba kutoka mia na kuendelea kutoa saba, husoma agizo na kulitimiza, huandika sentensi, na hunakili maumbo mawili yenye pembe tano yaliyopishana. Kwa kawaida aliyepata chini ya 24 hutiliwa shaka.

Baadaye, mwaka 2005, Ziad Nasreddine na wenzake wa Montreal, Canada, walitoa kipimo cha MoCA, ambacho pia kina alama 30 lakini ni kigumu zaidi. Mtu huchora saa yenye mishale, hunakili mchemraba, hutaja wanyama waliochorwa na hukumbuka maneno matano. Ugumu huo ni wa makusudi. Watu ambao ugonjwa ndio kwanza unaanza, hasa waliosoma, huweza kupita mtihani wa Folstein bila wasiwasi wowote.

Penseli na saa

Sasa mchukue nyanya wa miaka 80 kutoka Mutomo umweke mbele ya karatasi hizo. Alizaliwa katikati ya miaka ya 1940, wakati ambapo wasichana wachache sana wa Ukambani walipelekwa shule. Hajawahi kuandika sentensi. Penseli ameishika mara chache, pengine siku ya kupiga kura. Atapoteza alama za kusoma, za kuandika, za kunakili maumbo na za kuchora saa kabla hata hajaulizwa jambo lolote linalohusu kumbukumbu. Tarehe pia haimsaidii. Siku ya kuzaliwa iliyo kwenye kitambulisho chake huenda ilikisiwa na karani, na siku za wiki yeye huzihesabu kwa soko na kanisa. Mwisho wa yote atapata 17 kati ya 30, na mtu asiyemjua ataandika kwenye faili kuwa anaugua, ilhali jioni hiyohiyo mama huyu atakaa sokoni akiuza ndengu na kurudisha chenji ya noti ya shilingi 1,000 bila kukosea hata shilingi.

Kinyume chake pia hutokea, na huzungumzwa kidogo mno. Mwalimu mkuu mstaafu wa Wote, aliyefundisha hesabu miaka 35, anaweza kupata 27 akiwa tayari amelipa karo ya mjukuu mara mbili na kuuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili. Elimu imempa akiba ya kujificha nyuma yake. Daktari anamwambia yuko sawa, mke wake anarudi nyumbani akijua kwamba si sawa.

MoCA huongeza alama moja kwa mtu mwenye elimu ya miaka 12 au chini ya hapo. Kwa maoni yangu alama moja haitoshi hata kidogo kuziba pengo kati ya mwalimu huyo na mama wa Mutomo. Ndiyo maana wenye MoCA walitengeneza toleo jingine kwa watu wasio na elimu au wenye elimu ndogo, na ndiyo maana wataalamu wengine waliamua kuanza upya kabisa.

Njiti za kiberiti

Kazi hiyo ya kuanza upya ina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1993 kundi lililomhusisha Hugh Hendrie wa Indiana, Marekani, lilitoa hojaji iitwayo CSI-D. Ilijaribiwa kwanza kwa wazee wa jamii ya Cree huko Manitoba, Canada, ambao wengi wao hawakuwa wamesoma, kisha ikatumiwa kulinganisha wazee wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Kilichofanya hojaji hiyo iwe tofauti ni kwamba ina sehemu mbili. Moja anaulizwa mzee. Nyingine anaulizwa mtu anayemjua vizuri.

Baadaye ilifupishwa. Katika hojaji fupi mzee huonyeshwa kiwiko na kuulizwa kinaitwaje, huulizwa nyundo ni ya kazi gani, soko au duka la karibu liko wapi, leo ni siku gani, huu ni msimu gani. Huambiwa aonyeshe dirisha kwanza kisha mlango. Hupewa maneno matatu ayashike. Haandiki chochote.

Maswali haya yanaonekana mepesi, lakini hata hapa kuna mitego. Ukanda wa Kitui na Makueni una misimu miwili ya mvua, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo mkulima anayoitegemea zaidi. Mzee akiulizwa msimu anaweza kujibu kwamba ni wakati wa kupalilia, na jibu hilo ni sahihi kuliko lile lililoandikwa kwenye karatasi. Maneno matatu ya asili, yakitafsiriwa, ni mashua, nyumba na samaki. Mtu wa kisiwani Lamu atayashika bila taabu. Kwa mtu wa bara kavu afadhali kuyafikiria upya. Hata Kikamba cha Kitui na cha Makueni hutofautiana hapa na pale, kwa hiyo tafsiri moja haifai kupelekwa ng'ambo ya pili ya mto Athi bila kusikilizwa kwanza na wenyeji.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya kazi ya kupendeza. Katika wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi na kukuta kuwa, baada ya kusawazisha umri, takriban 6.4 kati ya 100 walikuwa na dimenshia. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013. Kutokana na kazi ya huko kilizaliwa kipimo kifupi kiitwacho IDEA, chenye alama 15. Badala ya kuchora, mzee hupangiwa njiti za kiberiti katika umbo fulani, kisha naye huombwa apange za kwake vivyo hivyo. Huulizwa daraja ni nini. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja, jambo ambalo mfugaji hulifanya kwa raha. Hukumbuka orodha ya maneno aliyosomewa awali. Hutaja kiongozi wa mahali pake. Njiti za kiberiti ziko katika kila jiko kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei, nami naona zinafaa kuliko saa yenye mishale ambayo hata vijana wa Nairobi siku hizi hawaisomi.

Makueni yenyewe imekuwa mahali pa utafiti. Wakfu wa Africa Mental Health Research and Training Foundation, unaohusishwa na Profesa David Ndetei, ulishiriki kwa upande wa Kenya katika mradi wa STRiDE, uliofanyika kuanzia 2018 hadi 2022 katika nchi saba ukiongozwa na London School of Economics. Sehemu ya kazi ya Makueni ilikuwa kupunguza unyanyapaa kwa kuwatumia wahudumu wa afya ya jamii, watu wanaoingia nyumba hizo kila mwezi na kujua nani ni mama ya nani. Wahudumu kama hao pia walifunzwa kuwauliza wazee wa miaka 60 na zaidi maswali mafupi ya uchunguzi, kisha kuwaelekeza hospitalini walioonekana kuwa na dalili.

Hesabu ya alama mbaya

Je, basi kila mzee apimwe? Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo, maana bila hiyo watu hutishwa bure.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wazee 1,000 wanaulizwa maswali, na 60 kati yao kwa kweli wanaugua, kiwango kinachokaribiana na kile cha Hai. Tuseme kipimo chetu ni kizuri kiasi: hunasa wagonjwa 80 kati ya kila 100, na huwashuku kimakosa wazima 15 kati ya kila 100. Kati ya wagonjwa 60 kitanasa 48 na kuwaacha 12. Kati ya wazima 940 kitawashuku 141. Jumla ya walioshukiwa ni 189, na wagonjwa wa kweli kati yao ni 48 tu. Yaani katika kila wanne wanaoambiwa alama zao ni mbaya, watatu hawana ugonjwa huo.

Kwa sababu kama hizi kamati ya wataalamu inayoishauri Marekani kuhusu huduma za kinga ilisema mwaka 2020 kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kuunga mkono wala kupinga kuwapima wazee wote wasio na dalili. Ni jambo tofauti kabisa mzee anapokuwa na dalili, au familia inapoona badiliko. Huyo apimwe, na apimwe mapema. Katika mfano wetu, ukiwauliza pia watoto na majirani wa wale 189, wengi wa wazima wataondolewa kwenye orodha kabla ya yeyote kuwaita wagonjwa.

Wewe ndiye nusu ya kipimo

Ndiyo sababu wewe unayesoma gazeti hili Nairobi, Mombasa au Thika usidhani kazi yako ni kutuma nauli tu. Wanaokaa na mzee kila siku wakati mwingine hawaoni, kwa kuwa badiliko huja kidogo kidogo kama nywele zinavyopata mvi. Anayekuja mara mbili kwa mwaka huona hatua kubwa. Daktari anahitaji macho yote mawili.

Andika yale uliyoyaona, pamoja na miezi yake. Usiandike kwamba mama anasahau. Andika kwamba Aprili alikuwa akipika mwenyewe, na Desemba aliacha sufuria ikaungua mara mbili kwa wiki moja. Je, bado anajua chenji? Anaweza kutumwa ujumbe kwa jirani na kuufikisha? Kwenye harambee au kikao cha ukoo, bado anatoa ushauri unaofuatwa, au watu wameanza kumpita? Je, ameingiza nambari ya siri ya M-Pesa vibaya hadi laini ikafungwa, au kumtumia mtu asiyemjua pesa? Maswali kama haya yana uzito uleule wa zile njiti za kiberiti, na kwa mzee ambaye hakusoma yana uzito zaidi.

Kwa wazee wa Ukambani kuna njia nyingine ya kuanzisha mazungumzo. Njaa kubwa zina majina. Ndeke ilikuwa karibu na mwaka 1961, chakula kilipodondoshwa kwa ndege. Nikwa Ngwete, ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni ile ambayo mtu alikufa na pesa mkononi kwa kukosa cha kununua. Mwulize nyanya alikuwa na umri gani wakati wa Ndeke, alikuwa anachunga mbuzi au amekwisha kuolewa, na utapata umri wake kwa uhakika zaidi kuliko kutoka kwenye kitambulisho. Lakini tahadhari: akisimulia Ndeke vizuri usifurahi mapema. Ya zamani ndiyo hubaki mwisho. Mwulize baadaye alikula nini mchana.

Yanayofanana nayo

Alama mbaya si jina la ugonjwa. Ni kengele tu, na daktari mzuri akiisikia hutafuta kwanza yale yanayotibika.

Sikio lianze. Mzee asiyesikia maneno matatu hawezi kuyakumbuka, na nta iliyojaa sikioni huweza kusafishwa. Mtoto wa jicho humfanya asione njiti. Ugonjwa wa huzuni kubwa, hasa baada ya kufiwa na mume au mke, humfanya mtu ajibu kila swali kwa kusema hajui. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni iliyolegea, kaswende ya zamani, virusi vya Ukimwi, pombe, damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka wiki kadhaa zilizopita, yote haya huweza kuvuruga kumbukumbu. Dawa nazo zimo, hasa za usingizi, na hata zile za mafua na mzio kama Piriton ambazo watu hununua dukani bila kuuliza, huweza kumchanganya mzee. Peleka hospitalini mfuko mzima wa dawa anazokunywa, pamoja na zile za mitishamba.

Moja ni la dharura. Mzee aliyekuwa sawa Jumatatu na Alhamisi hajui alipo, anasinzia, anaona watu wasiokuwepo, huyo si wa kusubiri kipimo cha kumbukumbu. Huenda ni nimonia, malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari iliyoshuka au upungufu wa maji mwilini. Apelekwe siku hiyohiyo. Dimenshia huchukua miezi na miaka.

Baada ya hapo ndipo hufuata vipimo vya damu na, inapohitajika, skani ya kichwa. Ng'ambo kuna vipimo vipya vya damu vinavyotafuta dalili za Alzheimer, na Marekani iliidhinisha cha kwanza mwezi Mei 2025, lakini hicho pia ni cha watu wenye dalili tayari. Maswali na penseli, au maswali na njiti, bado ndiyo mlango.

Kwa nini ujue mapema?

Wengine huuliza: ikiwa hakuna dawa ya kuponya, tunapima ya nini? Swali hili ni la haki. Dawa kama donepezil hupunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda, na hakuna zaidi ya hapo. Dawa mpya ya lecanemab, iliyoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023, hupunguza kasi kidogo kwa walio katika hatua za mwanzo, kwa gharama kubwa na kwa uangalizi wa skani za mara kwa mara. Kwa familia nyingi za hapa hiyo ni habari ya mbali.

Faida iko kwingine. Shinikizo la damu na sukari vikidhibitiwa, ubongo huharibika polepole zaidi, na wahamasishaji wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 waliopewa vifaa na serikali kuanzia Septemba 2023 hubeba mashine za kupimia vyote viwili. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kuwa karibu visa 45 kati ya 100 vya dimenshia duniani vinahusiana na mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwemo uziwi, uoni hafifu na kukaa peke yake.

Halafu kuna shamba. Sheria ya Urithi ya Kenya humtaka anayeandika wosia awe na akili timamu. Mzee aliyegunduliwa mapema bado anaweza kusema mwenyewe, mbele ya mashahidi, nani alime wapi, hatimiliki iko wapi, nani ashike kadi ya benki na nani asiikaribie. Akingojewa hadi asahau majina ya watoto wake, maneno hayo yatasemwa mahakamani na mawakili, na ndugu hawatakula pamoja tena. Na yule mjukuu aliyeshukiwa wizi ataelewa kuwa nyanya hakumchukia. Katika vijiji ambako mwanamke mzee anayezungumza peke yake usiku anaweza kuitwa mchawi, karatasi ya daktari inayotaja ugonjwa kwa jina lake ni kinga.

Siku ya kwenda

Anza na kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kitui au Wote. Nenda naye asubuhi akiwa amelala vizuri, amekunywa chai na amevaa miwani yake. Asipimwe siku ana homa. Omba aulizwe kwa Kikamba. Kama anayeuliza hajui Kikamba, atafutwe mfanyakazi wa hospitali wa kutafsiri. Mjukuu asipewe kazi hiyo, kwa kuwa wajukuu wana huruma na humnong'oneza nyanya majibu. Waeleze hospitali amesoma hadi darasa la ngapi, au kwamba hakusoma kabisa, na hakikisha limeandikwa, kwa maana alama isiyo na kiwango cha elimu kando yake haisomeki.

Wewe toka nje anapojibu. Ukibaki atakutazama kila swali. Utaitwa zamu yako ifike, ukiwa peke yako, kwa kuwa si heshima kumhesabia mzazi makosa yake akisikia.

Kama matokeo hayakutia wasiwasi lakini bado hujaridhika, omba arudi baada ya miezi sita hadi kumi na miwili, aulizwe kwa kipimo kilekile na lugha ileile. Wapo wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu ambao hubaki hapohapo kwa miaka, na wapo wanaorudi kuwa sawa. Kwa watu waliopata huduma hizi Nairobi, shirika la Alzheimer's and Dementia Organisation Kenya hukutanisha walezi wapate kubadilishana mawazo, na aliye mbali anaweza kuwapigia simu. Nakala ya karatasi ya alama usiiache kwenye faili la hospitali pekee. Ipige picha, uandike tarehe, umtumie pia ndugu yako anayebaki nyumbani, kwa sababu atakayempeleka mama mara ya pili huenda asiwe wewe.